Kazi ya Kuzima Jua

Kazi yangu ni kuzima jua.
Torbjørg Hauknes, zamu ya usiku, banda la tatu:
kibandiko kifuani kinasema hivyo tu,
jua hakilitaji.

Nje, tangu mwisho wa Novemba, halijachomoza.
Saa sita mchana mlima una rangi
ya mahali ulipojigonga, damu ikavilia.
Ndani, matangi kumi na mawili,
na taa zisizojua kalenda.

Vifaranga wa samoni, urefu wa kidole cha kati,
wana madoa ubavuni,
kana kwamba mtu mwenye masizi mikononi
aliwashika, akawaachia.
Kila dakika kumi mashine inatema punje:
mvua ndogo, kisha maji yanachemka midomo.
Taa ikizimwa, punje zinazama mpaka chini.
Hakuna anayeziona. Njaa yao iko machoni.

Wakifikia kimo, nawatengenezea majira ya baridi:
wiki sita, saa kumi na mbili nuru,
kumi na mbili giza,
mkate uliokatwa katikati.
Kuna nchi, nimesoma, ambako kila siku iko hivyo,
na watu huanza kuhesabu saa kunapokucha.
Samaki wangu huko wangengoja
baridi iishe, wakazeeka wakingoja.

Kisha nawasha, sizimi tena.
Hapo mwili unasikia. Madoa yanafutika,
ubavu unakuwa fedha, wanaufuata mkondo
kuitafuta chumvi ambayo hawajaionja.

Mwaka juzi swichi ya tangi la saba ilikwama.
Nuru mfululizo, miezi minne, bila baridi.
Eivind, msimamizi, alifurahia mizani:
wanono kuliko wote!
Tukawapeleka baharini na wenzao.
Wiki haikwisha, wakaelea, matumbo juu,
alama za vidole zingali ubavuni.
Walikauka, ndani ya maji, walikauka.

"Walikosa nini hawa?"
Usiku, nikamwambia.
Akaandika: hitilafu ya umeme.

Sasa saa kumi na mbili kamili. Nabonyeza.
Midomo inatulia, tangi baada ya tangi.
Nasimama kidogo na mkate wangu wa jibini,
nauma gizani, siuoni,
sijui kama nina njaa au ni saa tu imefika.
Nyuma yangu mashine moja, kwa mazoea,
inatema tena.