Vigae

Kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MALI BINAFSI.
Chini yake mtu ameongeza kwa mkaa: tazama tu.
Basi tunatazama.

Minara miwili, mmoja umevaa kuvu hadi kiunoni.
Madirisha kumi na moja upande wa barabara ya Tukuyu.
Mama mdogo Atuganile anahesabu mara mbili
kwa kidole, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Baba alisema kumi na mbili."

Mlinzi, Ambakisye, amejikunyata ndani ya koti la mvua.
Ufunguo wa geti anao, wa mlango hana.
Mwaka wa sita huu analinda ukumbi asioujua;
anatuuliza sisi
kama kweli ndani kuna ngazi inayojizungusha.

Sisi tunajua nini?
Tunajua babu alikandia vigae juu ya paja lake,
kimoja kimoja, kwa senti,
na paa lote lile, hadi leo,
limepinda kama mguu wake.

Mvua inashuka kutoka Rungwe, haibishi hodi.
Inapita juu ya vigae, inaporomoka mferejini,
inainama chini ya uzio
na kutoka kwetu, rangi ya chai ya rangi, baridi ya kung'ata.
Mama mdogo anavua viatu, anasimama katikati yake.

Ambakisye anageukia migomba.
Kibao hakikutaja maji.

"Twende," nasema.
"Bado," anasema. "Bado yanatoka."