Kutembea Njia

Miaka thelathini na mmoja nilitembea chini ya waya,
Tabora hadi Usoke, Usoke hadi Urambo,
koleo kiunoni, ngazi begani,
nikiuliza nguzo moja moja: ni wewe?
Na nguzo, mwisho wa yote, husema kweli:
mchwa wameula mguu,
kikombe kimepasuka kwa jiwe la mchunga ng'ombe,
tawi la mninga limeulalia waya kama mlevi.

Sasa Shija amenifungia waifai hapa Isevya,
kisanduku cheupe, masikio mawili.
"Baba, hii haina waya."
Nikacheka. Kisicho na waya
kikikatika, mtu atatembea wapi?

Kikakatika.

Tangu Jumanne mjukuu wangu Wande,
aliye Poland akisomea mifugo,
huganda kwenye kioo, mdomo wazi,
kope moja juu, moja chini,
sauti ikija kama mabehewa yaliyoachana:
"Ba... bu... ume... la?"

Nikafanya nilivyofunzwa: anza stesheni,
usiruke nguzo.
Nikazima, nikahesabu thelathini, nikawasha.
Kijani, kijani, nyekundu, kijani.
Nikapiga kampuni, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne,
dada mwenye sauti ya marashi akasema kwao ni salama.
(Hata sisi tulisema hivyo, kila treni ilipokwama.)
Nikabadili neno la siri,
nikidhani vijana wa Kapela jirani wanachovya.
Kweli walikuwa wanachovya.
Lakini wapi.

Basi nikatembea.
Saa nne usiku, simu mkononi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe,
nikihesabu vile vijiti:
mlangoni vinne. Koridoni vitatu.
Chooni, sijui kwa nini, vinne.
Mezani pangu, hatua tano tu toka kisandukuni,
kimoja,
nacho kinapepesa.

Nikasimama. Nikageuka.
Kati ya meza na kisanduku
madumu ya Milembe yamepangwa hadi usawa wa dirisha,
ishirini na mawili, asali ya Sikonge,
yameshushwa Jumanne, yanamsubiri mnunuzi.

Nikavuta la kwanza. Viwili.
Nikavuta la saba, mgongo ukilia. Vitatu.
Milembe huyo mlangoni, khanga kifuani:
"Wewe mwanamume, usiku huu unaiba asali?"
"Mimi? Asali ndiyo mwizi."

Wande akapatikana mzima,
akatembea ndani ya kioo, akapiga chafya.
Alikuwa na homa. Siku nne.
Na mimi siku nne nautazama ule mdomo ulioganda
nikidhani anacheka.

Kisanduku nimekipandisha juu ya kabati.
Madumu yamerudi palepale; ada ya chuo haijilipi.
Ila usiku ile taa ikipepesa
mkono wangu hupapasa kiunoni,
pale palipokaa koleo,
na sikio linategemea ukutani
kusikiliza waya usiokuwepo.