Nilikufa Mara Tatu Kabla ya Chai

Kila mwaka, mvua zikikatika,
wanatuita tena uwanjani, nyuma ya karakana,
pale mawe ya Mabatini yalipopandiana
kama mizigo iliyopakiwa na mlevi.
Miaka kumi na nane kazini, nikanung'unika:
mimi nifundishwe nini tena?
Kuku anafundishwa kudonoa?

Sajini Nyamizi alinisikia.
Hana haraka, yule mama. Alinipa kisu cha plastiki,
cha kijani, ncha imetafunwa na mtoto wa mtu,
akanivua kofia, akanivua mkanda.
"Leo, Koplo Bugumba, wewe si askari.
Wewe ni mpara samaki wa Mwaloni.
Umedhulumiwa ujira wa siku mbili.
Nenda kasimame pale."

Nikasimama. Nikacheka, wenzangu wakacheka.
Kisha wakaja wawili, vijana wa juzi,
Manumbu na Mtesigwa, mitutu ya mpira mbele,
mmoja ananguruma, "Lala chini!"
mwingine, "Mikono juu! Usisogee!"

Sasa niambieni nyinyi mnaojua:
mtu analalaje chini, mikono juu,
naye asisogee?

Niligeuza kichwa tu, nimwone anayesema.
"Paa!" akasema Mtesigwa kwa mdomo.
Nikafa.

Mara ya pili nilikiachia kisu kama nilivyoamriwa.
Kilipoanguka mkono ukakifuata.
Mkono una mazoea yake, kitu kikidondoka huokota.
Paa.

Mara ya tatu sikumbuki kosa langu.
Nakumbuka mdomo ulivyokauka,
na korongo wawili wa jalalani juu ya jiwe,
mabega wameyakunja kama makarani
wanaongoja saa ya kufunga ofisi,
na goti langu la kulia likitetemeka
kwa bunduki ya mpira.

Chai ikaja. Chapati zilikuwa baridi.

Baada ya chai Nyamizi akafuta ubao.
Vifungu hakuviandika, vifungu tulivikariri chuoni
tukavitapika siku ya mtihani.
Aliandika: *Nani anasema?*
Mmoja. Mwingine anyamaze, awe macho.
Rudi hatua moja, huko nyuma nako ni kazini.
Maneno kwanza. Yakigoma, badilisha maneno.
"Na silaha, afande?" Manumbu akauliza.
"Ipo. Sheria inaijua, na wewe unaijua.
Ila kumbuka, risasi haina rivasi."

Hapo ndipo nikamkumbuka.
Mwaka wangu wa sita, Mwaloni kweli, samaki kweli,
magamba ya sangara yamemganda hadi kwenye kope.
Tulikuwa wawili, mimi na marehemu Nyamhanga.
Kwenye ripoti tuliandika *alikaidi amri*.
Tuliandika *nguvu ya kadiri*,
mwandiko wangu, mzuri, umelala kulia.
Amri ipi? Miaka kumi na miwili
sikuwahi kujiuliza, amri ipi.
Nyamhanga alisema moja.
Mimi nilisema nyingine.

Hakufa. Anauza vocha Kirumba, mkono mmoja,
mwingine ameuchomeka mfukoni kama kitu alichokopa.
Mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Jioni tukatia saini daftari la mahudhurio.
Safu ya mwisho inauliza: *Amehitimu?*
Nyamizi kila mwaka, kwa kila mtu,
kwa mimi na kwa mkuu wa kituo,
huandika neno lilelile: *Arudi.*

Jumamosi nilivaa shati la kiraia.
Sikuvuka barabara.
Nilisimama mbele ya meza yake, maneno kwanza,
na maneno hayakuja; mdomo ukakauka
vilevile, kama kifo cha tatu.
Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko wateja wengine.
"Ya shilingi ngapi?" akauliza.
Nikasema, ya elfu moja.