Rangi ya Mkono wa Bogumiła

Waliingia moyoni mwake kupitia kifundo cha mkono,
waya mwembamba kama uzi wa cherehani,
wakatazama, wakatoka.
Muuguzi Halszka akaubana mshipa dakika ishirini
huku akinisimulia habari za paka wake.
"Usishangae," akasema, "mkono ukivilia damu.
Damu yake siku hizi haijui kusimama."

Haijui. Ni ile tembe ndogo ya saa mbili usiku.
Kabichi tunaipima kwa kijiko,
maana kabichi na tembe havipikiki chungu kimoja,
na hapa Łódź, mtu bila kabichi ni mgeni.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Ya mke wangu imezimuliwa,
hupita popote penye upenyo.

Siku ya kwanza: doa, kama sarafu.
Ya pili, doa limefika kwenye kiwiko.
Ya tatu nilimsaidia kuvua sweta, nikanyamaza.
Yeye akacheka.
Miaka thelathini na mmoja alitia pamba rangi
katika kiwanda kile nyuma ya reli.
Akautandaza mkono chini ya taa ya jikoni
kama anayekagua jora:
"Hii nili. Pembezoni zambarau,
ila maji yalikuwa na joto mno.
Keshokutwa itageuka kijani,
kijani kile ambacho hakuna mteja aliyewahi kukitaka.
Kisha haradali. Kisha itatoka."
"Na isipotoka?"
"Zenon, hii si pamba."

Jumatano tukapanda tramu kwenda kupima damu.
Joto la Julai. Alivaa blauzi ya mikono mifupi,
mimi nimempakatia mkoba.
Msichana aliyenyoa nywele upande mmoja
akautazama ule mkono.
Akanitazama mimi.
Akavitazama viganja vyangu.
Nina viganja vikubwa; nilikuwa fundi wa boila.
Alipokuwa akishuka, alimtilia Bogumiła karatasi mkononi:
namba ya simu, na chini yake, kwa mwandiko wa haraka,
Saa yoyote. Si kosa lako.

Bogumiła aliisoma mara mbili.
Akacheka hadi machozi, abiria wakageuka.
Nami nikacheka, nikachelewa kidogo,
kama mtu anayefuata sala asiyoikariri.

Kwa sababu kuna Februari moja.
Mabomba yameganda, foleni ya nyama, mtoto analia,
na mimi nimelewa, ingawa hilo si jibu.
Mara moja. Kwa kiganja.
Shavu lilikuwa jekundu kwa muda wa birika kuchemka,
kisha likatakata.
Damu yake enzi hizo ilikuwa nzito,
ilijua kufunga mlango.
Asubuhi hapakuwa na kitu. Nilitafuta.
Akaenda zake kazini, akatia pamba rangi,
na jambo hilo hatukulitaja
miaka arobaini na minne.

Saa mbili usiku nikampa tembe na maji.
Ile karatasi alikwisha kuibandika kwenye jokofu,
kando ya orodha ya dawa.
"Ya nini kuitunza?" nikauliza.
Akaugeuza mkono taratibu.
Kijani kilikuwa kimewadia, siku moja kabla ya ahadi.

"Yule binti ana jicho," akasema.
"Angefaa kiwandani.
Alichokosea ni tarehe tu."

Kisha akaninyooshea mkono nimpake marhamu.
Nikaanza na kifundo, kwa ncha za vidole,
pale penye tundu lenyewe,
dogo kama tundu la sindano,
ambalo lilikuwa limefunga zamani.