Endelea kama Mgeni

Saa tisa za usiku, chumba cha mashuka,
hospitali moja kaskazini mwa Sheffield,
naketi juu ya furushi la foronya
nafungua shamba langu.

Kuku mia nne wasiougua mdondo,
mahindi yanayokomaa kabla chai haijapoa,
na kisima nilichokichimba kwa kidole gumba
mwaka juzi, theluji ilipozuia mabasi.

Siku ya kwanza mchezo uliniuliza mimi nani.
Kitufe cha buluu, kitufe cheupe, kitufe cheusi,
kila kimoja na bwana wake;
na chini kabisa, kwa herufi za kijivu,
kama karani anayejibu bila kuinua macho:
Endelea kama mgeni.

Nikacheka peke yangu. Hilo nalijua.
Nina miaka kumi na mmoja nikiendelea kama mgeni.
Nikabonyeza.

Wakaniita Mgeni 48817.
Siku mbili wakanilisha: sarafu, mbegu, kofia ya ukili.
Siku ya tatu, wallahi sitanii,
wakanipa jembe.

Zamda, mwanangu, anasema hivi si salama.
"Simu imepasuka, mama, betri imevimba kama andazi.
Ikizima, shamba limekwenda.
Jisajili tu. Kila mtu amejisajili."

Nilijaribu. Nikavaa miwani.
Wanataka majina yote yaliyomo simuni:
kaka yangu wa Lindi, wakili wangu,
yule mama wa upatu asiyetaka ijulikane anakoishi.
Wanataka kujua nilipo. Hata nikilala?
Hata ukilala.
Wanataka tarehe niliyozaliwa.
Ipi? Ya kwenye karatasi ni mosi Januari,
nilipewa dirishani pamoja na namba ya foleni.
Mama alisema ilikuwa wiki ya kuvuna ufuta.
Hakuna kitufe cha ufuta.

Halafu: Sisi na washirika wetu mia sita na arobaini.
Harusi yangu haikupata watu mia sita na arobaini,
na pilau ilikuwapo.

Nikafunga. Nikarudi kwa kuku.

Ila nisijidanganye. Katikati ya mavuno
hujitokeza tangazo: Tuma pesa Tanzania bila makato.
Wakili wa vibali, dakika tano kutoka ulipo.
Dawa ya magoti kwa wanaosimama usiku kucha.
Nani aliwaambia habari za magoti?
Nilidhani nimejibanza nyuma ya ungo;
kumbe chekecheo.

Uhamiaji walipotaka vidole vyangu
mashine ilivikataa. Klorini ilikwishalamba mistari yake.
Afisa mmoja, Bi Maureen, akanipaka mafuta ya mgando
kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa siku arobaini,
mpaka nikaonekana.
Zamda alikuwa na miaka minne, amekalia koti langu,
anatazama.

Jumamosi naamka, mvua inaiosha Spital Hill,
na simu nyingine, ya mtumba, iko juu ya mto.
"Nimekusajilia," anasema, hanitazami.
"Ulikuwa umelala. Ya zamani ilikataa mara mbili,
nikakipaka kidole chako mafuta."

Kuku mia nne. Kisima. Jembe.
Na juu ya lango, kwa herufi za dhahabu,
Siwema Bakari Mnyachi,
sawasawa, bila kosa,
na kitambulisho changu hadi leo kinaniita Siwena.

Sikujua nimkumbatie au nimgombeze.
Kidole gumba kilikuwa bado kinateleza.
Jogoo akawika: Karibu nyumbani, Siwema,
na mimi, miwani puani, nateremka chini, chini zaidi,
nayatafuta yale maandishi ya kijivu.