Jozi

Fundi Mwinjuma hakufungua hata boneti.
Aliegemea kona ya mbele, kulia,
akaikandamiza kwa viganja viwili
kama ninavyokandamiza unga wa maandazi,
akaachia.
Gari likaitika mara moja, mbili, tatu,
likaongeza na ya nne, polepole.
“Gari zima ukilibonyeza linapanda, linatulia.
Hili lako linakubali kila kitu.”

Shukuru, kijana wake, akateleza chini
juu ya boksi la friji lililokunjuliwa,
sauti yake ikatokea uvunguni:
“Ya kulia imevuja, bosi. Mafuta yamefika miguuni.”

Sikuwasimulia habari ya Jumamosi.
Ngazi tatu, nyeupe,
maua ya sukari mia na kumi
niliyoyakunja mmoja mmoja mpaka adhana ya alfajiri.
Kutoka Goba kwenda Tabata niliendesha
kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.
Tuta la kwanza nililipanda kwa heshima.
La pili halikuwa na rangi.
Guu! chini ya miguu yangu,
halafu nyuma yangu kitu laini sana
kikaketi.

Shangazi wa bibi harusi hakupiga kelele.
Angepiga kelele, ningepata la kujibu.
Alisema tu, “Nusu irudi, mwanangu. Leo leo.”
Nikaingiza namba ya siri mbele yake,
vidole vina krimu.

Gerezani, Kavishe ananishushia bei
kutoka rafu za juu, pamoja na vumbi lake:
za mbele mpya, laki mbili na themanini;
za nyuma chukua mtumba, laki na kumi;
mauntingi arobaini, usizirudishie zile kuukuu, zitakuaibisha;
ufundi arobaini, hiyo ni ya Mwinjuma, mimi simo;
alaimenti ishirini, usipofanya tairi zitakula upande.
Laki nne na tisini.
Mimi hesabu zangu ni za mayai:
trei hamsini na nne
na elfu nne inabaki, ya vanila.

“Si imevuja moja tu? Niuzie moja.”
Kavishe akacheka mpaka akashika kaunta.
“Dada, kandambili unanunua mguu mmoja?”

Mwinjuma yeye hakucheka.
Alifuta spana kwa kitambaa cheusi kuliko spana.
“Ukiweka mpya huku na chovu kule,
mpya itabeba zamu zote mbili.
Haitalalamika.
Itakufa tu kabla ya siku zake.”

Nikamkumbuka Adelard, yuko Mererani
mwaka wa nne akilisubiri jiwe,
na simu yake ya kila mwisho wa mwezi:
vumilia kidogo, mama watoto, kidogo tu.
Nikafungua pochi.
Nikalipa zote nne.

Saa kumi jioni Shukuru akanipa ile ya kulia,
nzito, ina matope ya masika mawili.
“Isukume.”
Nikasukuma. Kijiti kikazama ndani
bila ubishi wowote,
hakikurudi.
Nikakaa nacho mkononi muda mrefu
kuliko inavyostahili kwa kipande cha chuma.

Kwenye tuta lisilo na rangi nilipita
na trei moja ya mayai kwenye kiti cha abiria,
haijafungwa mkanda.
Sitasema nilihisi nini.
Hakuna lililopasuka.

Ila kabla sijaondoka pale gereji
alisimama mnunuzi wa vyuma chakavu,
mizani yake imening'inia begani.
“Zote nne, elfu tatu.”
Nikamtazama. Nikazitazama.
“Tatu na mia tano,” nikasema,
“hizi zimefanya kazi.”