Ramani ya Bafu la Amboni

Nilikuja na karatasi ndefu kama mkeka,
nikaibana pembe kwa mawe manne ya mtoni
upepo wa Zigi usije ukaisoma kabla yao.
Hapa, nikasema, wanawake. Hapa wanaume.
Hapa chumba cha kukandwa, hapa cha mvuke,
na hapa yataingia yale maji ya kiberiti
yanayotoka ardhini yakiwa moto, yakinuka yai viza;
tutayapoza kwa maji ya mto, nusu kwa nusu.

Hakuna aliyesema kitu.
Kuku alikatiza juu ya chumba cha mvuke.

Kisha Bi Somoe, mkandaji,
aliyeinyoosha migongo ya kambi nzima ya mkonge
kwa dole gumba na mafuta ya nazi,
akaacha nguo alizokuwa akifua,
akaja peku, akaingia ndani ya ramani.
Aliingia kwa mlango. Hakuruka ukuta.
"Haya, nimo. Mbona naonekana?"
Nikamwambia, dirisha hilo, Bibi, ni la kutazamia mto.
"Mto nautazama tangu sijaota meno.
Ng'ambo ile wapo vijana wachimba mchanga.
Hao ndio watakaotazama."

Nikalifuta dirisha.
Raba yangu ni ya chuoni, nzuri, haiachi doa.

Mhina akauliza, maji yanafika wapi?
Huyu amekata mkonge miaka ishirini na saba,
utomvu ukamwasha mpaka ndani ya usingizi,
sasa goti lake la kushoto halikunjiki.
Nikamweleza mfereji, kokoto za kuchujia,
matete yatakayokunywa povu la sabuni
kabla mto haujalionja.
"Sikuulizi ya kwako. Nauliza ya kwake."
Akanichukua nyuma ya kibanda cha pampu,
akabandika kiganja ukutani, juu ya utosi wangu:
mstari wa tope kavu, wa mwaka ule wa elinino.
Jengo langu zima, na paa lake,
lilikuwa chini ya kile kiganja.

Basi bafu likapanda mlima hatua arobaini.
Tulizihesabu kwa hatua za Mhina,
zile fupi.

Likabaki benchi.
Kitabu kinasema sentimita arobaini na tano.
Tukapanga matofali, Bi Somoe akakalia,
miguu ikaning'inia kama ya mtoto anayesubiri sindano.
Hakucheka mtu.
Nikatoa tofali. Nikatoa jingine.
Nyayo zikagusa chini, akashusha pumzi,
na katika pumzi ile nikamwona mama
uani kwetu Chumbageni, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
upande mmoja wa mwili umelala,
mkono ulio macho umeng'ang'ania sketi yangu ya shule,
nami namwagia maji mbiombio, kengele isinikute,
sabuni inamwingia machoni.
Miaka mitatu.
Hakuwahi kuniambia kwamba ndoo ilikuwa ndefu.

Thelathini na nane.
Nimeiandika kwa wino.

Madodoki, alisema Mhina, niachieni mimi,
nitayasuka kwa singa za mkonge huohuo:
"Ulinikuna bila kuombwa.
Sasa utanikuna nikitaka."
Hapo ndipo walipocheka, mpaka wachimba mchanga
wakasimamisha makoleo kusikiliza.

Kiingilio hatukuafikiana.
Wengine mia tano, wengine bure,
Bi Somoe akasema kila mtu aje na ukuni wake
kisha akakumbuka maji yenyewe yanakuja na moto,
akajicheka, akarudi kwenye nguo zake.

Nilipokunja karatasi niliuona:
unyayo mmoja, wa maji, na vidole vyake vitano,
umekanyaga pale lilipokuwa dirisha.
Ulikauka, ukaacha ukingo wa udongo.
Kesho ofisini wataleta raba.
Nimeandika pembeni, kwa herufi kubwa,
kama tunavyoandika penye nguzo:
HAPA PASIFUTWE.